Mota Iliyounguzwa na Sifa

Barua ya pongezi ilining'inia ukutani kwenye chumba cha kulia, ndani ya fremu, kati ya ramani ya milango ya kutokea moto ukizuka na tangazo la kukataza watu kutupa mifupa kwenye sinki. Ilitoka makao makuu ya kampuni. Ilisema kwamba Mhandisi Mkuu wa meli yetu, ambaye sisi tulimwita Chifu, ameongeza maji ya kunywa kutoka lita mia mbili kwa saa hadi karibu mia tatu bila kununua hata skrubu moja, na kwamba meli nyingine ziige mfano wake. Chini kulikuwa na muhuri, na sahihi ya mtu ambaye nina hakika hajawahi kuuona mtambo wenyewe.

Mimi nauona kila siku. Kazi yangu ni kufuta, kupaka, kukaza na kulegeza, ndiyo maana wananiita Grisi. Meli yetu ni ya kupima kina cha bahari. Tunakaa majini wiki tatu bila kugusa nchi kavu, watu kumi na wanane, na bila ule mtambo tenki la maji matamu lingekauka siku ya tano. Mtambo unavuta maji ya bahari, pampu inayasukuma kwa nguvu ya kutisha mpaka yapenye kwenye utando mwembamba, chumvi inabaki upande huu, maji ya kunywa yanatokea upande ule. Pampu inazungushwa na mota ya umeme yenye ukubwa wa ndoo. Mengine yaliyobaki ni geji, valvu na kelele.

Chifu alikuwa mtu wa vyeti. Alivaa ovaroli nyeupe iliyopigwa pasi mpaka kwenye mikono, na hakuna aliyewahi kuiona na doa. Si mtu mbaya, niseme ukweli. Alijua majina yetu sote na ya watoto wetu. Tatizo lake lilikuwa kwamba jambo likienda vizuri alijua sababu papo hapo, na sababu ilikuwa yeye. Maji yalipoanza kuongezeka, miezi mitatu kabla ya haya ninayosimulia, alikuwa ametoka kuusafisha ule utando kwa dawa aliyoichanganya mwenyewe. Akaandika ripoti ya kurasa tisa yenye michoro. Makao makuu wakaleta fremu.

Kuhusu nyumbani kwake hakusema mengi. Tulijua mkewe ni mwalimu. Wakwe zake, alisema, wako "kwenye sekta ya nishati". Sisi tukadhani wana visima vya mafuta.

Wiki tatu baada ya fremu, mota ikaanza kuzimika. Ukiiwasha inanguruma vizuri, maji yanatoka, kila mtu anafurahi, halafu baada ya dakika ishirini hivi, taf! Kimya. Kuna kidude kwenye kabati la umeme ambacho kazi yake ni kukata umeme mota ikila kupita kiasi. Kilikuwa kimewekwa kwenye ampea kumi na moja, kama kibao cha mota kinavyosema. Chifu akakitazama kama mtu anavyomtazama mlinzi wa geti aliyemkatalia kupita.

"Hiki kimezeeka," akasema. "Kinaogopa ovyo."

Akakipandisha hadi kumi na sita.

Kwa siku mbili mota haikuzima tena. Siku ya tatu moshi ukatoka kwenye matundu ya feni, ukiwa na harufu ile ya vanishi iliyoungua ambayo ukiinusa mara moja huisahau maisha yako yote. Tukaitoa, tukafunga ya akiba, mpya kabisa, bado ina karatasi. Chifu akaona haya kidogo, akakirudisha kidude kwenye kumi na moja. Mota mpya ikazunguka dakika kumi na nane. Taf!

Hapo tulikuwa tumetia nanga nje ya bandari, maana maji ya ndani yana mafuta ya kuziba vichujio, na safari ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Kapteni akatangaza mgao: kila mtu ndoo moja kwa siku, ya kuoga, kufulia na kutafakari. Mpishi alikuwa anaosha sufuria kwa maji ya bahari, na chai ikaanza kuwa na ladha ya supu.

Chifu akaniita pembeni. "Grisi, chukua ile iliyoungua uipeleke ikasukwe nyaya upya. Nenda kwenye ile karakana kubwa yenye vioo. Waambie inatoka kiwanda cha sabuni."

"Kiwanda cha sabuni, Chifu?"

"Mambo ya meli hayatangazwi. Na usiende mtaa wa nyuma ya stesheni. Kule ni ubabaishaji tupu."

Nikaibeba kwa boti, kisha kwa mkokoteni. Kwenye karakana ya vioo dada mmoja mwenye kucha ndefu akaniambia foleni ni siku kumi na tano. Nikamwambia nina siku mbili. Akacheka. Mlinzi wa pale, aliyenisikia, akaninong'oneza: "Kaka, nenda nyuma ya stesheni, umuulize Mama Koili. Hata hawa mota zikiwashinda huzipeleka kwake, wanapitia mlango wa nyuma."

Mtu anayeambiwa asiende mahali bila kuelezwa sababu hubaki na sababu zake mwenyewe. Nikaenda.

Karakana ya Mama Koili ilikuwa chumba kimoja cha mabati, safi kuliko jiko la meli yetu. Nyaya za shaba zilining'inia kwa unene wake, nyembamba kama unywele mpaka nene kama penseli. Mama mwenyewe alikuwa wa miaka sitini na kitu, kilemba kichwani, miwani iliyofungwa kwa uzi, ameketi kwenye kigoda akichomeka koili za waya ndani ya mota kwa kijiti cha mwanzi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Weka hapo. Inatoka wapi?"

"Kiwanda cha sabuni, mama."

Akafungua kifuniko cha nyuma, akainusa, akapitisha kidole ndani, akakilamba.

"Sabuni yenu ina chumvi ya bahari."

Akaigeuza mota kwenye mwanga.

"Tazama hapa, baba. Koili zote zimeungua sawasawa, mzunguko mzima, kama mkate uliosahauliwa. Ingekuwa fezi moja imekatika, kati ya zile njia tatu za umeme, ungeona koili nyingine zimeungua na nyingine nzima. Hii haikuwa na ugonjwa. Imebebeshwa mzigo usio wake mpaka ikafa." Akavua miwani. "Mliweka nyingine?"

"Tuliweka."

"Nayo?"

"Inazima baada ya dakika ishirini."

"Basi niisuke hii ya nini? Mota haijiui. Aliyeiua bado yuko huko huko mlikoitoa, anasubiri ya tatu." Akasimama, akachukua mkoba wa turubai. "Twende nikamwone."

Nikamweleza kwamba ni melini, kuna boti, kuna ngazi ya kamba. Akaniuliza kama ngazi hiyo hupandwa kwa miguu au kwa vyeti. Nikasema kwa miguu. Akasema anayo.

Boti ilipofika ubavuni mwa meli, Chifu na Kapteni walikuwa wameegemea reli ya juu, wanangoja habari. Mama Koili akajifunga kanga vizuri juu ya suruali yake ya kazi, akashika kamba, akaanza kupanda taratibu, mkoba mgongoni. Mimi nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo niliuona vizuri uso wa Chifu. Kwanza ulishangaa kuona kilemba. Kisha kilemba kikainuka, na uso ukageuka rangi ya ovaroli yake.

"Shikamoo, mama," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake.

Mama akaweka mguu mmoja sitahani, akamtazama. Aliona haraka, yule mama. Aliiona ovaroli, akamwona Kapteni, akaniona mimi na kiwanda changu cha sabuni, na nadhani aliielewa habari yote kabla hajauvuta mguu wa pili.

"Marahaba," akajibu.

"Mnafahamiana?" Kapteni akauliza.

Chifu alifungua mdomo. Mama akajibu kwa niaba yake: "Mji mdogo, Kapteni. Watu hukutana. Mashine iko wapi?"

Tukashuka chini. Kapteni naye akashuka, jambo ambalo hulifanya mara mbili kwa mwaka, lakini kiu haina cheo. Kitu cha kwanza Mama Koili alichofanya ni kuzima swichi kuu, kuifunga kwa kufuli alilokuja nalo, na kutia ufunguo mfukoni.

"Kuna kitufe cha dharura," Chifu akasema kwa upole.

"Kitufe hakina akili, mwanangu. Kufuli nalo halina, lakini ufunguo ninao mimi."

Akakagua viungio vya nyaya kimoja kimoja kwa bisibisi. Vyote vimekaza. Akafungua kufuli, akapima umeme unaoingia, fezi kwa fezi. Uko sawa. Akaniambia niwashe. Akachukua mita yake yenye mdomo kama koleo, akaikumbatisha kwenye waya wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na nne," akasoma. "Kibao kinasema kumi na moja. Lakini inakula sawa kwa miguu yote mitatu. Mota hii ni nzima. Ina njaa kwa sababu inafanyishwa kazi."

"Labda pampu imekaza," Chifu akasema. "Nilikuwa nafikiria kuagiza pampu mpya."

"Ngoja kwanza tuiulize."

Akafunga umeme tena, kufuli, mfukoni. Tukaitenganisha mota na pampu. Ikawashwa peke yake: ampea nne, inazunguka kimya kama mtu aliyeshiba. Kisha akaniambia niizungushe pampu kwa mkono. Ikazunguka laini, haikwami, haikwaruzi. Mama akajipangusa mikono.

"Mota nzima. Pampu nzima. Zikikutana zinagombana. Basi tatizo ni jambo mnalozilazimisha kufanya. Nipeni daftari."

Daftari la mtambo tunaliandika kila saa. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalisoma kama mtu anavyosoma barua ya mtoto aliye mbali, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Geji ya msukumo: hamsini na tano. Hamsini na tano. Hamsini na tano. Ukurasa kwa ukurasa, miezi kwa miezi. Kisha kidole kikahamia safu ya maji.

"Hapa mlikuwa mnapata lita mia mbili. Hapa mia mbili ishirini. Hapa mia mbili tisini. Msukumo ni ule ule, maji yanaongezeka. Yametoka wapi?"

Kapteni akakohoa kwa fahari. "Hiyo ni dawa ya Chifu. Tumepata hata barua."

Mama Koili akamtazama Chifu. Chifu akaitazama geji. Nadhani ni wakati huo ndipo lilipomfikia, kwa sababu nilimwona akikigonga kioo chake kwa kidole.

"Stoo kuna geji nyingine?" mama akauliza.

Ilikuwepo. Ilikaa kwenye boksi lake miaka minne, haijaguswa, kwa sababu hakuna mtu anayebadilisha geji inayompa habari njema. Tukaifunga mahali pa ile ya zamani, tukaunganisha pampu, tukawasha bila kugusa valvu yoyote. Mshale ukapanda. Hamsini. Hamsini na tano. Sitini. Ukapanda mpaka sabini, ukatulia hapo.

Hata Kapteni, ambaye hajui tofauti ya pampu na tarumbeta, alielewa. Geji ya zamani ilikuwa inakwama. Ilikuwa ikisoma chini kidogo zaidi kila wiki, na sisi kila wiki tulikuwa tunakaza valvu kuurudisha mshale kwenye hamsini na tano. Maji yaliongezeka kwa sababu tulikuwa tunayakamua. Dawa ya Chifu haikuwa na kosa lolote, ila haikuwa na kazi.

"Lakini kuna valvu ya usalama," mama akasema, kama mtu anayejisemea. "Ipo ili msukumo ukipita kiasi, iteme." Akainama, akaishika, akaitazama kwa tochi. Nati yake ilikuwa na alama mpya za spana, zinang'aa. "Hii imekazwa. Nani aliikaza?"

Niliikaza mimi. Ilikuwa inadondosha maji, tone kwa tone, inachafua sakafu, na nilipomwambia Chifu alinijibu bila kugeuka: kaza. Nikakaza. Valvu ile ilikuwa inapiga kelele kwa namna pekee iliyoijua, nami nikaiziba mdomo ili sakafu iwe kavu.

Chifu alinitazama. Kapteni alikuwa amesimama pale, na ingetosha kabisa kuninyooshea kidole, maana mkono ulioshika spana ulikuwa wangu na wala nisingebisha. Pampu ilinguruma.

"Ni mimi, mama mkwe," Chifu akasema. "Niliagiza ikazwe. Na kile kidude cha kukata umeme nilikipandisha mwenyewe. Mota niliiunguza mimi."

Kapteni akageuka. "Mama nani?"

"Mama mkwe wangu. Mama mzaa mke wangu. Ndiye aliyemsomesha kwa hizi koili."

"Ulisema wako kwenye sekta ya nishati!"

"Si uongo," Mama Koili akasema, akiwa bado ameinama na spana. "Umeme si nishati?"

Akailegeza nati ya ile valvu, akaitega sawasawa kwa geji mpya, kisha akafungua valvu ya msukumo polepole hadi mshale ukashuka kwenye hamsini na tano ya kweli. Mita ya koleo ikasoma ampea kumi na moja kasoro. Tukakaa tunaitazama mota kama watu wanaomtazama mgonjwa. Dakika ishirini. Thelathini. Saa nzima. Haikuzima.

Kapteni akachungulia mita ya maji. "Mia mbili tu? Mbona maji yamepungua?"

"Hayajapungua," mama akasema. "Yamerudi."

Juu, mpishi alipika chai ya kwanza isiyo na chumvi tangu mgao uanze. Chifu alimpelekea mama mkwe wake kikombe kwa mikono yake miwili, akasimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Nisamehe, mama."

"Kwa lipi? Kuunguza mota? Nisingekuwa na kazi kama hamuunguzi."

"Unajua kwa lipi."

Mama akapuliza chai. "Mwaka wa kwanza nilipoanza kazi hii, wanaume walikuwa wakiniletea mota na kuniuliza fundi karudi saa ngapi. Niliwajibu saa kumi. Saa kumi wanakuja, wanaikuta imekwisha, wanaacha salamu kwa fundi." Akanywa. "Nilizoea. Lakini wewe, mwanangu, unakula kwangu kila Jumapili unapokuwa nchi kavu."

Chifu alivua ovaroli yake nyeupe, akashuka naye kwenye boti akiwa amevaa fulana tu, amebeba ule mkoba wa turubai. Mkononi mwake mkoba uliacha alama nyeusi. Hakuipangusa, au labda hakuiona.

Tulisafiri Alhamisi. Aliandika ripoti ya kweli, nusu ukurasa, bila mchoro hata mmoja. Makao makuu walijibu haraka kuliko walivyowahi kujibu lolote: walitaka maelezo ya maandishi kwa nini uzalishaji wa maji umeporomoka kwa theluthi moja chini ya mhandisi yule yule aliyepongezwa. Chifu akawaandikia kwamba ameacha kuua mota. Wakamjibu kwamba maelezo hayatoshi. Mpaka leo wanaandikiana.

Sasa anamtaja mama mkwe wake kila bandari tunayofika. Tatizo jingine limezaliwa hapo, kwa sababu Chifu ni Chifu. Anawaambia watu kwamba ni "mhandisi mshauri wa mitambo ya umeme". Habari hizo zikamfikia mama, naye akakasirika sana. Safari iliyofuata nilipompelekea mota ya feni ya jiko, akaniachia ujumbe.

"Mwambie mkwe wangu aache kunitukana. Mhandisi ndiye aliyepandisha ampea hadi kumi na sita. Mimi ni fundi."

Nikamfikishia Chifu maneno yale kama yalivyo. Akafikiri kidogo.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Na umuulize Jumapili nije na nini."

Nilimuuliza. Mama akasema aje na ovaroli chafu, kuna mota tatu za kufungua, na kwamba siku hizi mikono yake mwenyewe inaanza kutetemeka asubuhi. Chifu alienda. Alifungua moja, akahesabu mizunguko ya koili vibaya, akaambiwa aanze upya, akaanza upya.